Kwa Mkono wa Fundi Kamugisha

Ruangwa, kwenye meza ile ile

Fundi,

Sijui watu wanaanzaje kumwandikia aliyekufa. Kukuuliza kama hujambo ni utani mbaya, na kukuambia kwamba mimi sijambo ni uongo. Kwa hiyo naanza kama ulivyonifundisha kuanza kila ripoti ya kazi: kwanza sema kilichotokea, halafu sema nani aliyegusa.

Kilichotokea ni kwamba ile simu ya saa saba mchana imepona. Aliyegusa ni mimi. Na aliyeiharibu pia ni mimi, Fundi, na hilo ndilo lililonikalisha chini na kalamu, mimi ambaye ulikuwa ukisema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino.

Ngoja nilieleze polepole, maana nikilimeza mara moja litanikwama.

Unakumbuka siku niliyokuja kwako Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya tisini? Nimemaliza kidato cha nne, nimevaa viatu vya dada yangu vinavyonipwaya, nikijidai najua Kiingereza. Ulinikalisha mbele ya ule ubao wa matundu. Mtu akipiga simu, kile kifuniko kidogo juu ya tundu lake kinadondoka, nachomeka waya, nauliza anamtaka nani, nachomeka waya wa pili kwa anayetakiwa, wanaongea. Mji mzima ulipita kwenye vidole vyangu. Nilijua nani amefiwa kabla ya jirani zake, na nilijua mchumba gani hapokei simu kwa makusudi. Wewe ulikuwa unasimama nyuma yangu na kikombe chako cha kahawa ya kwenu Bukoba, ukirudia neno lile lile moja kila siku.

"Usimwache mtu hewani."

Nikikuuliza, na kama anayetakiwa hayupo? Unasema, "Mtafutie mwingine wa kumsikiliza. Anayehangaika kupiga simu kutoka porini hapigi kwa ajili ya salamu." Nililisikia neno hilo mpaka nikawa naliota. Halafu ubao ukaondolewa, nawe ukastaafishwa, na badala ya kurudi kwenu kula ndizi ukabaki huku na sisi. Nikawaambia watu umelogwa na ming'oko, mizizi yetu ya porini. Ukajibu kwamba mla senene halogwi na mizizi, kisha ukaomba sahani ya pili, na limau juu yake.

Miaka ikapita. Nikaolewa Ruangwa, nikawa nauza vitenge sokoni. Siku moja ukanitumia ujumbe kwa mkono wa kondakta wa basi, kwenye kipande cha karatasi ya sukari: "Mwanaidi, acha vitenge. Ubao umerudi. Safari hii matundu hayaonekani."

Ule mradi wa afya ulikuwa umeleta madishi matatu: moja kwako Nachingwea, moja kwangu Ruangwa, moja kwenye zahanati ya Kilimarondo, kule kwetu, ambako hata redio inakamata siku inapotaka. Simu zipite kwenye intaneti. Mgonjwa akizidiwa Kilimarondo, nesi anapiga Nachingwea, wewe unatuma gari. Gari la Nachingwea likiwa mbali, natuma la Ruangwa mimi.

Sitaisahau simu ya kwanza. Wewe kule, mimi huku, na katikati yetu ile barabara yetu ya vumbi ambayo lori linaimaliza kwa nusu siku likipenda. Nikasema haloo. Kimya kidogo. Halafu sauti yako ikaja safi, kana kwamba umekaa upande wa pili wa meza, ukanieleza kile kimya kilikuwa nini: sauti yangu ilikuwa imepanda juu angani mpaka kwenye mtambo unaoelea huko, ikashuka Nachingwea, na yako ikafuata njia hiyo hiyo kunirudia. Ukasema kupanda na kushuka huko ni mbali kuliko kuizunguka dunia nzima. Nikatoka nje nikatazama juu. Sikuona kitu, mbingu nyeupe ya mchana na kunguru wawili tu. Nilisimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nimepotelewa na ndege. Nikamwambia hapana, nimepotelewa na haloo. Nilikuwa nacheka, lakini niliendelea kutazama juu.

Basi, tukaanza kazi. Kila mashine ilikuwa na kitufe cha kubonyeza unapoondoka mezani, kinachosema sipo. Wewe uliiwekea ya kwako amri: nisipokuwepo, kila simu ihamie Ruangwa kwa Mwanaidi. Ukaiandika kwenye daftari, tarehe na sahihi, kama ulivyoandika kila ulichokigusa tangu siku ulipozaliwa. Amri nzuri. Saa saba ulikuwa unatoka kwenda kula, na simu zako zinakuja kwangu.

Lakini saa saba, Fundi, mimi nilikuwa naswali.

Kile ambacho sikukuambia ni hiki. Wiki ya pili nilikuwa kwenye mkeka, katikati ya adhuhuri, simu ikalia. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Nilimaliza sala lakini moyo wangu haukuwepo. Nilikuwa nasikia neno lako kichwani. Sala ilipoisha nikakaa kwenye mashine, na mimi nikaiwekea amri yangu: nikibonyeza sipo, simu zote zihamie Nachingwea kwa Fundi. Sikuiandika kwenye daftari. Niliona ni jambo dogo. Na niliona haya pia, maana ungenitania kwamba hata malaika wangu wana zamu ya chakula. Nikasema moyoni, Fundi yupo, hatamwacha mtu hewani.

Umeshaelewa. Huko uliko nadhani unaelewa mambo upesi kuliko sisi. Lakini niache nimalize, maana mimi ilinichukua miezi.

Saa saba unabonyeza sipo, unakwenda kula. Mimi nabonyeza sipo, natandika mkeka. Nesi anapiga kutoka Kilimarondo. Mashine yako inasema, Fundi hayupo, nenda kwa Mwanaidi. Yangu inasema, Mwanaidi hayupo, nenda kwa Fundi. Yako inasema nenda kwa Mwanaidi. Umewahi kuona wakwe wawili wanaoheshimiana wakikutana mlangoni? Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Wakwe huchoka, mmoja akapita. Mashine hazichoki wala hazina aibu. Simu ya yule nesi ilikuwa inapanda mbinguni na kushuka, inapanda na kushuka, na njia yetu ilivyo nyembamba ikajaa hiyo moja mpaka hakuna nyingine iliyoweza kupita. Halafu mashine ikafika kikomo chake ikaiua. Nesi alisikia kimya, kisha mlio wa kukatika.

Na sisi tukirudi mezani, kila kitu kizima. Ugonjwa unaomkimbia mganga. Watu wa Kilimarondo wakaanza kusema simu yao inakwenda kuswali adhuhuri. Walikuwa wanatania, na walikuwa wamekaribia ukweli kuliko sisi mafundi.

Ukaitafuta, Fundi. Ulipanda juu ya paa na umri ule ukakaza nyaya za dishi. Ukabadilisha umeme. Ukachapa orodha ya simu ya mashine yako, ukaivalia miwani, na siku moja ukanipigia ukaniuliza kwa sauti ya mtu anayejishuku, "Mwanaidi, mbona saa saba unanipigia mno? Mashine inasema umenipigia makumi kwa makumi."

Nikacheka. Ee Mungu, nikacheka. Nikakujibu, "Mimi saa saba niko kwenye sala, Fundi. Uzee huo unaanza."

Ukanyamaza kidogo. Nikadhani ni kile kimya cha sauti kupanda angani.

Ulikuwa umeshika nusu ya jibu mkononi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mashine yangu, na mimi sikuichapa hata mara moja, kwa sababu niliamini tatizo liko kwako. Kila mashine iliandika yake tu. Ya kwako ilisema Mwanaidi ananipigia. Ya kwangu ingesema Fundi ananipigia. Ukiisoma moja peke yake unaona mtu aliyechanganyikiwa.

Halafu ikaja siku ya wifi yangu Somoe. Uchungu ulimshika Kilimarondo, kabla ya siku zake, na nesi akapiga saa saba. Unajua yaliyofuata. Walimpakia kwenye lori lililobeba ufuta, akajifungulia juu ya magunia, njiani, nesi akimshikilia asidondoke na dereva akiendesha huku analia. Mtoto ni wa kike. Yuko hai na mama yake yuko hai, na hiyo ni kazi ya Mungu, siyo ya mtambo wetu.

Kamati ya mradi ilikaa. Wakasema mzee amechoka, mikono inatetemeka, anaona simu ambazo hazikupigwa. Wakakuomba funguo. Mimi nilikuwepo kwenye kile kikao, nimekaa kwenye benchi la nyuma, na sikusema neno, kwa sababu kwa dhati kabisa nilidhani wana haki. Ulizitoa funguo mfukoni ukaziweka mezani moja moja, ukitaja kila moja ni ya mlango gani. Ulipopita karibu yangu ukasema, "Nimemwacha mtu hewani, Mwanaidi." Ukatoka na kofia yako mkononi.

Hukumaliza miezi miwili. Presha, walisema. Tulikuzika pale Nachingwea kwenye makaburi ya misheni, na ndugu zako waliofika kutoka Bukoba walishangaa kuona Waislamu kutoka vijijini, Mtua mpaka Kilimarondo, wamejaa makaburini. Nilitaka kuwaambia kwamba hawa wote uliwahi kuwaunganisha na mtu. Sikuweza kusema. Nililia tu, tena vibaya, kwa makamasi.

Baada ya arobaini nikatumwa Nachingwea kusafisha meza yako. Nikakuta ile orodha uliyochapa, imekunjwa mara nne ndani ya daftari, na kwa penseli umeandika pembeni: "Mwanaidi hakunipigia. Mashine haisemi uongo. Basi nani?"

Hukuandika kwamba ulikuwa unazeeka. Mpaka mwisho ulikuwa unauliza.

Nikapanda basi kurudi Ruangwa siku ile ile. Nikachapa orodha yangu kwa mara ya kwanza, nikaziweka karatasi mbili sambamba mezani, kidole cha kushoto kwenye yako, cha kulia kwenye yangu. Nachingwea kwenda Ruangwa. Ruangwa kwenda Nachingwea. Nachingwea kwenda Ruangwa. Vidole vyangu vilikuwa vinashuka ngazi kwa zamu. Ukurasa ukajaa, nikapindua, ukajaa tena. Simu moja ya nesi mmoja, ya Somoe wetu, imepanda mbinguni na kushuka mara zote zile ndani ya muda wa kusema Bismillahi chache, na hakuna aliyeisikia.

Fundi, nilifunika mdomo kwa kanga. Nilipaswa kulia, na nililia baadaye, lakini kilichonishika kwanza kilikuwa mshangao, ule ule wa siku ya kunguru wawili. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Waya ulikuwa mzima, dishi zima, mashine zimetii kila neno tuliloziambia. Amri yako ilikuwa njema na yangu ilikuwa njema, na zote mbili zilitoka kwenye neno lako moja. Wema wako na wema wangu ndivyo vilivyogongana kule juu ambako hakuna mtu wa kuviamua.

Nilijua ugonjwa, sikujua dawa. Nikifuta amri yangu, simu itakufa kwangu nikiwa kwenye sala. Nikifuta yako, itakufa Nachingwea. Nikaenda Kilimarondo kumwona mtoto wa Somoe, na kumwona baba.

Baba yangu unamjua, yule mzee wa baiskeli. Enzi zile kabla ya simu, barua za Kilimarondo zilifika mjini kwa mikono ya watu, na kila aliyebeba aliandika nyuma ya bahasha: kwa mkono wa fulani. Nikamsimulia habari ya simu inayozunguka. Alisikiliza akimenya korosho, hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Hata barua zilikuwa zinazunguka hivyo. Nampa Hamisi, Hamisi anampa Juma, Juma ananiletea mimi tena. Nageuza bahasha, naona jina langu limeshaandikwa. Basi hiyo siibebi tena. Naipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji."

Akaendelea kumenya korosho. Mimi nilikuwa nimesimama.

Nilirudi nikafungua kile kitabu kinene cha mashine, kile ulichokijaza alama za penseli. Siku tatu nilikisoma na kamusi. Na kile alichosema baba kipo, Fundi! Kipo humo! Mashine zina uwezo wa kuandika jina kwenye kila simu inayopita, na kulisoma zinapoiona tena. Uwezo huo ulikuwa umefungwa tu, hakuna aliyeuhitaji. Watu wa nchi za mbali sana, waliosoma sana, ambao hawajui Kilimarondo iko wapi, waliwaza kitu kile kile alichokiwaza baba yangu juu ya baiskeli. Nilibusu kile kitabu. Usinicheke.

Nikaenda kwenye kamati kabla sijagusa chochote. Safari hii nilikaa benchi la mbele. Niliweka karatasi mbili mezani, nikaweka na daftari lako, nikasema amri ya Ruangwa niliiweka mimi, bila kuandika, na Fundi Kamugisha hakuona mambo ambayo hayakuwepo. Aliona yaliyokuwepo, na mimi nikamwambia ni uzee. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia nirudie, ili katibu aandike kwenye muhtasari. Nikarudia yote. Limeandikwa sasa, jina lako na la kwangu, kila mmoja mahali pake.

Waliniachia kazi. Sijui kama wewe ungeniachia. Nadhani ungenipa daftari kwanza.

Kwa hiyo sasa iko hivi. Simu ikifika kwenye mashine na ikakuta jina la mashine hiyo limeshaandikwa juu yake, haizunguki tena. Inapelekwa kwa mwenyekiti, kama baba alivyosema, na mwenyekiti wetu ni dereva: tumemwekea simu yenye kengele kubwa kwenye kibanda chake Nachingwea. Na kwa kuwa mashine zilitaka kupewa majina, nilizipa. Ya huku inaitwa Mwanaidi. Ya Nachingwea nimeiita Kamugisha. Kamati haikuniuliza, na safari hii nimeandika kwenye daftari, tarehe na sahihi. Baba aliposikia akasema, "Kumbe naye ni mbeba barua mwenzangu."

Ijumaa iliyopita nilibonyeza sipo, nikatandika mkeka. Binti anayekaa sasa kwenye meza yako naye alikuwa ametoka kula. Nilisikia mashine yangu ikitoa mlio mmoja tu mfupi, halafu kimya. Zamani kimya kile kingenivunjia sala. Nilisujudu, nikakaa chini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Niliponyanyuka nikasoma orodha. Zahanati ya Kilimarondo, saa saba na dakika chache, mama mjamzito anatoka damu. Na chini yake ile njia, mkono kwa mkono: Kamugisha, Mwanaidi, Kamugisha, dereva. Gari lilikuwa limeshatoka. Jioni nesi akanipigia kuniambia mama na mtoto wako wodini na wote wanalalamika njaa.

Hujamwacha mtu hewani, Fundi. Hukumwacha hata ile siku ya Somoe. Mimi ndiye niliyekuacha wewe, na ninakuomba radhi, kwa maandishi, kama ulivyopenda mambo yawe.

Pumzika sasa. Nakuahidi kwamba sitagusa kitu bila kukiandika, hata kiwe kidogo vipi, na mtu mzima akiniambia ameona jambo la ajabu, nitachapa nusu yangu kwanza kabla ya kumcheka. Mtoto wa Somoe akikua nitamweleza wewe ni nani. Nitaanza na ming'oko.

Barua hii naileta mwenyewe kesho kwa basi la asubuhi, niizike pale kwenye udongo wa kichwani kwako. Nyuma ya bahasha nimeandika jina la mbebaji, maana ndiyo desturi, na chini yake nimeacha nafasi ya jina lako.

Kwa mkono wa Mwanaidi.